Usanifu wa Mtandao Usiotumia Waya kwa Simu za Sauti za Kibiashara: Mfano wa Ghala la Korosho katika Mazingira ya Lupaso, Masasi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hatua za kusanifu mtandao usiotumia waya unaokusudiwa kubeba simu za sauti za kazi. Mfano unaotumika ni wa chama cha msingi cha ushirika chenye ofisi, ghala na kituo cha kupokelea korosho katika mazingira ya Lupaso, wilayani Masasi. Vipimo vya eneo hilo vimebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi, lakini kanuni na hesabu zinazotumika ni zile za taaluma ya mawasiliano. Hoja kuu ni kwamba mtandao unaotosha kwa barua pepe na taarifa za hesabu si lazima utoshe kwa sauti. Aidha, ghala lililopimwa likiwa tupu halina hali moja na ghala lililojaa korosho.

1.0 Utangulizi

Lupaso ni kijiji kinachojulikana na Watanzania wengi kwa kuwa ndiko alikozaliwa Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin William Mkapa, na ndiko alikozikwa mwezi Julai 2020. Sheria iliyounda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitungwa mwaka 2003, wakati wa uongozi wake. Kwa wakulima wa eneo hilo, hata hivyo, suala la mawasiliano hupimwa kwa jambo lililo karibu zaidi, yaani msimu wa korosho.

Korosho za wakulima wa Masasi hukusanywa na vyama vya msingi vya ushirika, vinavyojulikana zaidi kama AMCOS, kisha huuzwa kwa mnada chini ya usimamizi wa chama kikuu. Kwa upande wa Masasi chama hicho ni MAMCU, na kwa upande wa Newala na Tandahimba ni TANECU. Tangu msimu wa 2007/2008 mauzo hayo yamekuwa yakifanyika kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Katika mfumo huo, kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi ndizo msingi wa malipo. Kosa la tarakimu moja linalofanyika mizanini humfuata mkulima hadi siku ya malipo.

Tarakimu hizo mara nyingi husafiri kwa mdomo. Mpima mizani humwita karani, karani humwuliza mtunza ghala, naye mtunza ghala humjibu dereva. Katika Kiswahili, “mia tatu” na “mia tano” hutofautiana kwa silabi moja tu, ile ya mwisho. Mtandao unaomeza silabi hiyo umebadilisha kilo 200 bila mtu yeyote kukusudia udanganyifu. Ndiyo maana makala haya yanaanza na sauti yenyewe kabla ya kufika kwenye vifaa.

2.0 Mahitaji ya sauti

Simu inayopitia mtandao wa data hukata sauti vipande vidogo, aghalabu vya milisekunde 20, na kila kipande husafirishwa kama pakiti. Hivyo kila upande wa mazungumzo hutoa pakiti 50 kwa sekunde. Kodeki ya G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti pekee. Yakiongezwa maelezo ya anwani yanayotangulia kila pakiti, hesabu hufikia kilobiti 80. Kodeki ya G.729 hutumia kilobiti 8, ambazo kwa nyongeza hiyohiyo huwa 24.

Ubora wa simu hutegemea mambo matatu. La kwanza ni ucheleweshaji. Pendekezo la G.114 la Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, linaelekeza kwamba ucheleweshaji wa upande mmoja usipozidi milisekunde 150, mazungumzo mengi huendelea kwa kawaida. Ukizidi sana, wazungumzaji huanza kukatizana. La pili ni mabadiliko ya ucheleweshaji, yaani pakiti kufika kwa vipindi visivyo sawa. Wasanifu wengi hulenga yasizidi milisekunde 30. La tatu ni upotevu wa pakiti, ambao hulengwa uwe chini ya asilimia 1.

Kiwango hiki cha mwisho kinahitaji kufasiriwa kwa uangalifu. Pakiti moja ikipotea katika kila mia, na zikawa zimetawanyika, kodeki huziba pengo na msikilizaji asitambue. Zikipotea pakiti nane au kumi mfululizo, pengo hufikia milisekunde 160 hadi 200, muda unaoweza kutosha kufuta silabi nzima. Wastani wa saa nzima unaweza kubaki chini ya asilimia 1, ilhali “tatu” na “tano” hazitofautishiki. Kwa hiyo msanifu hana budi kuuliza pakiti zilipotea kwa mpangilio gani, si ngapi tu.

3.0 Kukadiria wingi wa simu

Hatua inayofuata ni kujua simu ngapi zitapigwa kwa wakati mmoja. Mhandisi wa Denmark, A. K. Erlang, alichapisha mwaka 1917 fomula ambayo bado inatumika kwa kazi hiyo. Kipimo chake ni erlangi. Erlangi moja ni mstari mmoja unaotumika kwa saa nzima bila kupumzika.

Tuchukulie kwamba katika saa yenye shughuli nyingi zaidi ya msimu, chama kinapiga simu 40, kila moja ikidumu wastani wa dakika 3. Jumla ni dakika 120, sawa na erlangi 2. Kwa fomula hiyo, mistari 5 ingefanya takriban simu 4 katika 100 zikose nafasi. Mistari 6 ingepunguza idadi hiyo hadi takriban 1 katika 100. Na mistari 7 hadi takriban 3 katika 1,000. Tukichagua mistari 7, mahitaji ni kilobiti 560 kwa sekunde kila upande kwa G.711, au kilobiti 168 kwa G.729.

Tarakimu hizo zinaweza kumfanya msomaji aone kazi ni nyepesi, kwa kuwa vifaa vya leo hutangaza mamia ya megabiti. Lakini redio ni uwanja ambao mzungumzaji ni mmoja kwa zamu, na kila pakiti, hata iwe ndogo kiasi gani, hutakiwa kusubiri zamu yake na kuthibitishwa imepokelewa. Simu 7 hutoa pakiti 700 kwa sekunde kwa pande zote mbili. Simu mbili zilizo chini ya kituo kimoja cha redio zikiongea zenyewe kwa zenyewe, pakiti zao hupita hewani mara mbili. Kinachokwisha kwanza ni zamu, wala si megabiti.

4.0 Kupima eneo

Makosa mengi ya usanifu huanzia kwenye upimaji. Kwa simu za sauti, wasanifu hulenga mawimbi yasiyopungua desibeli hasi 67 kwa kipimo cha miliwati moja, mahali popote ambapo mtumiaji atasimama, na yaizidi kelele ya redio kwa desibeli 25. Maeneo ya vituo viwili vya redio jirani hupishana kwa asilimia 15 hadi 20 ili anayetembea akiongea ahame kituo bila simu kukatika.

Katika ghala la korosho, vipimo hivyo hubadilika kwa majira. Mwezi Agosti, kabla ya msimu, ghala ni ukumbi mtupu wenye paa la bati, na mawimbi huakisiwa na kufika kila pembe. Ifikapo Novemba, magunia yamepangwa kwa matabaka hadi karibu na paa. Korosho ghafi hushika unyevu, na kitu chenye unyevu hufyonza mawimbi. Njia kati ya matabaka huwa vichochoro, na mtunza ghala aliye ndani ya kichochoro huwa amefichwa na kituo kilichofungwa ukutani.

Hivyo basi, upimaji ufanywe ghala likiwa limejaa. Ikiwa haiwezekani, vituo vifungwe juu ya njia, vikitazama chini kwa urefu wa kichochoro, ili magunia yasipate nafasi ya kukaa kati ya kituo na mtumiaji. Kwa ghala la ukubwa wa wastani, vituo viwili vyenye nguvu ya kadiri hufaa kuliko kimoja chenye nguvu nyingi.

Sababu yake ni usawa wa mazungumzo. Simu ya mkononi ina betri ndogo na antena ndogo. Kituo kikipaza sauti kuliko simu inavyoweza kujibu, mtumiaji husikia asisikike. Kwa hiyo nguvu ya kituo hushushwa ilingane na ya simu, jambo linalowashangaza wafungaji waliozoea kuongeza nguvu kila malalamiko yanapotokea.

5.0 Chaneli na kipaumbele

Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na hushirikiwa na vifaa vingi vya aina nyingine. Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi. Kwa sauti, chaneli nyembamba za megahezi 20 zinatosha, na hutoa nafasi ya kuvitenganisha vituo jirani.

Kipaumbele ni suala jingine. Kiwango cha IEEE 802.11e cha mwaka 2005 kiliiwezesha pakiti ya sauti kusubiri muda mfupi kuliko pakiti ya kawaida. Lakini ruhusa hiyo haifanyi kazi pakiti isipotambulishwa. Kila simu, swichi na ruta njiani hupaswa kuheshimu alama moja ya sauti, ambayo kwa kawaida ni 46. Kifaa kimoja kikiifuta alama hiyo, simu ya mpima mizani hupanga foleni nyuma ya picha zinazopakiwa ofisini. Vilevile, simu zote ziunge mkono kiwango cha 802.11r cha mwaka 2008, kinachofupisha uthibitisho wa usalama wakati wa kuhama kituo.

6.0 Kuunganisha ofisi na ghala

Tuchukulie kwamba ghala liko kilomita 4 kutoka ofisini. Katika masafa ya gigahezi 5.8, upotevu wa mawimbi katika anga huru kwa umbali huo ni takriban desibeli 120. Kirushio cha desibeli 13 chenye antena ya desibeli 23 kila upande kitafikisha mawimbi ya desibeli hasi 61. Ikiwa kipokezi kinahitaji desibeli hasi 75, akiba ni desibeli 14, ambayo inaridhisha kwa umbali huo.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa sharti la njia iliyo wazi, na njia iliyo wazi kwa macho si lazima iwe wazi kwa redio. Mawimbi huhitaji nafasi yenye umbo la yai inayoitwa ukanda wa Fresnel. Katikati ya kilomita 4 nusu kipenyo chake ni takriban mita 7.2, na angalau asilimia 60 yake, yaani mita 4.3, iwe huru. Mkorosho uliokomaa unaweza kufikia mita 12, nao haupukutishi majani yote kama miti ya kiangazi. Kwenye ardhi tambarare, kwa hiyo, milingoti iwe na urefu usiopungua mita 17.

Ardhi ya Masasi, hata hivyo, si tambarare yote. Vilima vya miamba vilivyosimama peke yake huweza kuziba njia, na pia huweza kuwa mahali pazuri pa kituo cha kupokezana. Upande wa mashariki, uwanda wa juu wa Makonde huinuka kuelekea Newala. Ni lazima njia itembelewe kwa miguu, si kuchorwa kwenye ramani pekee.

Mvua huanza msimu wa mauzo ukiwa unaendelea, nazo huja na radi. Mlingoti usiochimbiwa waya wa ardhini ni mwaliko wa hasara. Kuhusu umeme, vifaa vinavyotumia wati 40 huhitaji watisaa 960 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba watisaa 1,200, lakini ikitumiwa nusu tu ili idumu, hutoa saa 15.

7.0 Kutoka nje ya eneo

Simu za kwenda kwa wanunuzi, benki na chama kikuu hupitia kwa mtoa huduma. Satelaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta hutumia milisekunde 240 kupandisha na kushusha sauti, kabla ya ucheleweshaji mwingine wowote; kiwango cha 150 kimekwisha kuvukwa. Njia ya nchi kavu au satelaiti za karibu na dunia hufaa zaidi. Kabla ya kurusha masafa au kuunganisha simu na mtandao wa umma, chama kithibitishe na TCRA masharti ya leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

8.0 Hitimisho

Si kila chama kinahitaji mtandao wake. Pale ambapo simu za kawaida za mkononi zinasikika vizuri ndani ya ghala lililojaa, gharama ya milingoti haina utetezi. Pale ambapo hazisikiki, usanifu uanze na sauti, ufuate idadi ya simu, kisha eneo, na vifaa vije mwisho.

Jaribio la kupokea kazi nalo liwe la sauti. Mpima asimame katika kichochoro cha ndani kabisa mwezi Novemba, asome tarakimu 100 zilizochanganywa, zikiwemo tatu na tano, sitini na sabini. Karani aandike anachosikia ofisini. Orodha mbili zikilingana, mtandao umekamilika. Zisipolingana, haujakamilika, hata kama taa zote za vifaa zinawaka kijani. Na kwa tahadhari, desturi ya karani kurudia tarakimu kwa sauti kabla ya kuiandika iendelee, kwa sababu stakabadhi ni ya mkulima, na yeye hayumo kwenye simu hiyo.