Fulana ya mkimbiaji: Morogoro inashona, Mikumi inavaa mtumba

Mkimbiaji wa milima ya Vidunda, wilayani Kilosa, awe mwanafunzi anayejiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, au kijana anayeshuka Kidodi alfajiri kwa mazoezi, ana njia tatu za kupata fulana ya kukimbilia. Ya kwanza ni mtumba wa Mikumi au Ruaha. Ya pili ni jezi ya mpira, mara nyingi ya Simba au Yanga, halisi au ya kuiga. Ya tatu ni tisheti aliyopewa kwenye mbio za hisani, imejaa nembo za wadhamini mbele na nyuma. Kuingia dukani na kununua fulana mpya ya mbio ndefu iliyoshonwa nchini ni jambo ambalo kwake karibu halipo.

Ajabu ni kwamba mavazi ya michezo yanashonwa mkoani kwake. Mjini Morogoro, kilometa 120 hivi kutoka Mikumi, kiwanda cha Mazava kimeajiri mafundi, wengi wao wanawake, wakishona mavazi ya michezo kwa soko la nje, hasa Marekani. Mzigo ukitoka hapo huelekea bandarini. Mwananchi wa Kilosa anayetaka bidhaa ya aina hiyo huisubiri izunguke dunia, ivaliwe na mtu mwingine, kisha irudi ndani ya robota la mtumba.

Sababu ni hesabu za kodi, mashine na oda, na zote zinaweza kupangwa upya.

Jasho ndilo linaloamua

Tuanze na bidhaa yenyewe. Mtu anayekimbia kwenye joto anaweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa, au zaidi. Jasho hilo hupoza mwili pale tu linapokauka. Fulana nzuri basi ni ile inayolisambaza jasho haraka hadi upande wa nje wa kitambaa ili upepo ulichukue.

Pamba ni tamu mwilini ukiwa dukani, lakini hunywa maji. Katika vipimo vya kawaida vya maabara, uzi wa pamba hubeba unyevu wa asilimia 8.5 hivi ya uzito wake, na wa poliesta asilimia 0.4 tu. Ndiyo maana tisheti nzito ya pamba, baada ya saa moja ya mbio, hulowa, huning'inia na kusugua makwapa na chuchu hadi zitoke damu. Wakimbiaji wazoefu hupaka mafuta ya mgando au kubandika plasta kabla ya kuanza. Poliesta nyepesi haina kero hiyo, ila ina yake: hushika harufu, na ikifumwa nzito bila matundu inageuka kuwa koti la mvua.

Kwa Vidunda suala hili ni la kila siku. Juu mlimani asubuhi kuna ubaridi. Ukishuka kuelekea Ruaha na mashamba ya miwa, hewa inakuwa nzito na jasho halikauki upesi. Mkimbiaji wa huko anahitaji kitambaa chepesi chenye matundu, hasa mgongoni na makwapani, na upana unaoruhusu upepo kupita kati ya nguo na ngozi. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, alikimbia kwenye joto na unyevu akiwa na singlendi. Kwenye hali kama hiyo, nguo ndogo ndiyo nguo bora.

Mezani kwa muuza mitumba

Mikumi imekaa kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na hapo ndipo njia ya kwenda Kidodi, Kidatu na Ifakara inapochepuka. Mitumba ya Dar es Salaam na Morogoro hufika kwa mabasi na malori. Robota likifunguliwa, nguo za kamera, yaani zile bora zinazochaguliwa mwanzo kabisa, huondoka mapema kwa bei ya juu. Zinazobaki huteremshwa bei, na mwisho humwagwa chini kwa bei moja.

Fulana ya mbio mara nyingi huponea kwenye lile fungu la mwisho. Muuzaji hutafuta nembo kubwa: Nike, Adidas, Puma. Fulana nyepesi isiyo na nembo maarufu, iliyotolewa kama zawadi kwenye mbio za mji fulani wa Marekani au Ulaya, haimpi bei, ingawa kwa mkimbiaji inaweza kuwa bora kuliko zote mezani.

Mnunuzi anayejua kazi yake haangalii kifua. Huigeuza fulana ndani nje na kusoma lebo: poliesta tupu, au poliesta yenye spandeksi kidogo, inafaa; yenye pamba zaidi ya nusu ni ya matembezi. Huinyanyua kwenye mwanga aone matundu. Huiweka mdomoni na kupuliza. Pumzi isipopita, upepo nao hautapita. Kisha hupitisha kidole kwenye mshono wa bega na kwapa. Mshono uliolala bapa haukwaruzi. Wenye ukingo uliosimama utachubua ngozi kabla ya kilometa ya kumi. Mwisho huivuta na kuiachia: ikibaki imelegea, spandeksi imekufa.

Mnunuzi mkubwa si mkimbiaji

Kwa upande wa fulana mpya, wanaoagiza kwa wingi ni waandaaji wa mbio. Kilimanjaro Marathon imekuwepo Moshi tangu 2003, na katika miaka ya karibuni benki, hospitali, taasisi na halmashauri zimeanzisha mbio zao. Ada ya kujiandikisha hununua namba, medali na tisheti. Vikundi vya joging vya mijini navyo huchapisha sare zao.

Oda hizi ndizo zinazowapa kazi wachapaji wa Kariakoo na wa mikoani, lakini mara nyingi huandikwa kwa lugha ya bei na rangi. Kitambaa hakitajwi. Anayeshinda ni mwenye bei ya chini, na hapo mkimbiaji wa kilometa 21 hukabidhiwa tisheti inayofaa kuvaliwa kwenye mkutano wa hadhara.

Uchapaji nao una madhara yake. Wino mzito wa skrini huunda ngozi ya plastiki juu ya kitambaa. Nembo ya mdhamini ikiwa na upana wa kifua kizima, eneo hilo halipitishi hewa hata kama kitambaa ni kizuri. Ipo njia nyingine, ambapo wino huhamishwa kwa joto na kuingia ndani ya uzi wa poliesta bila kuacha tabaka juu. Inahitaji kitambaa cha poliesta cha rangi nyeupe au hafifu, na mashine zake zipo nchini. Ndizo zinazotengeneza jezi nyingi za mitaani. Mdhamini anaweza kupata tangazo lake na mkimbiaji akapata hewa yake.

Kodi inavyopanga soko

Kwa nini mtumba unashinda? Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua, na ushuru ukapandishwa hadi asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, kiwango chochote kitakachokuwa kikubwa zaidi. Machi 2017 wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani walilalamika kwa serikali yao. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilikaza, na Julai 2018 ikasimamishiwa, kwa nguo, nafuu ya AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru.

Tupige hesabu ya mfano. Fulana nyepesi sita hutimiza kilo moja hivi. Kwa senti 40 kwa kilo, kila mtumba unabeba ushuru wa senti 7 za dola. Fulana mpya iliyoagizwa kwa dola 4, kwa ushuru wa asilimia 35 uliowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nguo tangu Julai 2022, inalipa dola 1.40, kisha VAT ya asilimia 18 juu yake. Hapo bado faida ya muagizaji, usafiri na faida ya duka. Mkulima wa Vidunda hahitaji kuelezwa atanunua ipi.

Kwa kiwanda cha kuuza nje, hesabu inaelekea Marekani. Huko tisheti ya pamba hutozwa ushuru wa kawaida wa asilimia 16.5, na ya nyuzi za viwandani asilimia 32. Msamaha wa AGOA, mpango ulioanza mwaka 2000, kwa hiyo una thamani kubwa zaidi kwa fulana ya michezo kuliko kwa tisheti ya pamba. Mpango huo pia umeruhusu kitambaa kitoke nchi yoyote, mradi kishonwe Afrika. Sheria ya mwaka 2002 ya EPZ, yaani ukanda wa viwanda vya kuuza nje, nayo ilitaka walau asilimia 80 ya bidhaa za viwanda vya ukanda huo ziuzwe nje. Vivutio vyote vilimwonyesha mwekezaji bandari, wala havikumwonyesha Mikumi. Ila muda wa AGOA ulioongezwa mwaka 2015 uliishia Septemba 30, 2025, na tarehe za namna hiyo humfanya mnunuzi wa nje asite kuweka oda. Kiwanda chenye soko moja hutetemeka kila bunge la mbali linapokaa.

Ilonga ina pamba, haina poliesta

Kilosa si ngeni kwenye biashara ya nguo. Kituo cha utafiti cha Ilonga ndicho kilichozaa mbegu za pamba za ukanda wa mashariki, kama IL74 na IL85. Herufi hizo mbili za mwanzo ni za Ilonga. Leo zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya nchi inatoka kanda ya magharibi, na sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa ghafi.

Hata ingebaki, isingemaliza tatizo la mkimbiaji. Viwanda vyetu vingi vya nguo, kikiwemo 21st Century cha Morogoro, vimejengwa juu ya khanga, kitenge na shuka, vitambaa visivyovutika. Fulana ya michezo hutaka kitambaa cha vitanzi kinachovutika. Uzoefu wa kufuma kitambaa hicho upo Arusha, kwa kampuni kama Sunflag na A to Z, na uzi wa poliesta unaagizwa kutoka nje, China ikiwa ndiyo mzalishaji mkuu duniani. Mkakati wa taifa wa kuigeuza pamba kuwa mavazi ni mzuri, lakini usipoitaja poliesta utaliacha soko la michezo mikononi mwa wengine.

Fundi wa Mikumi anaweza nini

Fundi wa mtaani akipewa kitambaa cha jezi na cherehani ya kawaida, mshono wake hunyooka vizuri mezani na kukatika siku mvaaji anaponyanyua mikono, kwa kuwa kitambaa kinavutika na uzi hauvutiki. Anahitaji ovaloki, sindano yenye ncha ya mviringo na mashine ya kukunja upindo. Ni mtaji mzito kwa fundi mmoja, si mzito kwa kikundi kilichopata mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri unaotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. VETA ina chuo Mikumi kwenyewe. Kinachokosekana ni oda ya uhakika.

Oda hiyo ipo. Shule za Kilosa hupeleka wanamichezo UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na UMISSETA kila mwaka, na waandaaji wa mbio mkoani Morogoro huagiza tisheti kila msimu. Waandike kwenye zabuni zao mistari mitatu: poliesta ya gramu 120 hadi 140 kwa mita ya mraba, mshono bapa, nembo isiyoziba kifua. Bei itapanda kidogo, na kazi itabaki mkoani. Wasipoandika hivyo, mtumba utaendelea kushinda, na kwa ubora wa fulana zinazogawiwa sasa, utakuwa umeshinda kwa haki.