Mpira wa gofu waenda kando? Jaribu vijiti viwili

Umemlipia mwanao ndoo ya mipira katika uwanja wa mazoezi ya gofu. Anapiga wa kwanza, unakwenda kulia. Wa pili, kulia vilevile. Anakunja uso, anabadilisha namna anavyoshika fimbo, anaongeza nguvu. Ndoo inaisha, pesa zimekwenda, na mpira bado unakwenda kulia.

Kabla hujamlaumu mtoto au fimbo yake, tazama kwanza jinsi alivyosimama.

Apigaye penalti katika kandanda huikabili goli. Mcheza gofu hana bahati hiyo. Yeye huipa shabaha ubavu na kuinamia mpira. Akigeuza shingo kuitazama bendera juu ya bega la kushoto, huona kwamba amelenga barabara, kumbe miguu na mabega yameelekea kulia. Jicho limemdanganya.

Huenda ukasema tofauti hiyo ni ndogo. Itazame saa ya ukutani. Mshale wake mrefu husogea digrii 6 kwa dakika moja. Ukikosea shabaha kwa kiasi hicho tu, mpira wa mita 150 utaangukia karibu mita 16 kando, pengine kichakani. Hata karibu na shimo mambo ni hayo hayo. Shimo la gofu lina upana wa sentimita 10.8. Ukiwa mita 3 kutoka hapo, digrii 1 ya kosa huupeleka mpira ukingoni.

Ubaya zaidi ni kwamba mwili hutafuta njia yake. Mipira ikizidi kwenda kulia, mikono hujifunza kuivuta kushoto. Sasa mtoto ana makosa mawili yanayofichana, na siku atakaposimama sawasawa, mpira utakwenda kushoto! Mazoea hujenga tabia, na tabia mbaya hujengwa kwa mipira ile ile unayoilipia.

Dawa yake ni vijiti viwili vya kulengea. Vinavyouzwa ni vyembamba, vya faibaglasi, vyenye urefu wa futi 4 hivi. Lakini usivunjike moyo kwa sababu ya bei. Fito mbili nyofu au mipini miwili ya fagio itafanya kazi hiyo hiyo.

Simama nyuma ya mpira na uchague shabaha, kama vile mti au bendera. Laza kijiti cha kwanza chini, ng'ambo kidogo ya mpira, kielekee kwenye shabaha. Laza cha pili mbele ya vidole vya miguu. Vijiti hivyo viwe kama reli za garimoshi: vyaenda pamoja, lakini havikutani. Acha nafasi ya kutosha ili fimbo isiviguse.

Sasa simama. Miguu, magoti, nyonga na mabega yote yafuate reli ya karibu nawe. Mwombe mwenzako akupime mabega kwa kushika kijiti cha tatu kifuani pako. Wengi hushangaa hapo, kwani miguu imenyooka lakini mabega yameelekea kwingine.

Nyumbani, mtoto anaweza kujizoeza kusukuma mpira polepole katikati ya vijiti viwili vilivyolazwa kwenye zulia. Hakuna haja ya kulipa kiingilio.

Jihadhari na jambo moja. Kijiti kisilale mahali ambapo mpira utakigonga, kwani unaweza kumrudia mpigaji usoni. Ndugu zake wadogo wasimame mbali, nyuma yake.

Je, utavitegemea vijiti milele? La. Katika mashindano haviruhusiwi. Ukijipanga kwa kitu ulichokilaza chini na kusimama tayari kupiga, hata ukikiondoa baadaye utatozwa mapigo 2 katika mchezo wa kuhesabu mapigo. Tangu mwaka wa 2019, hata kedi anayekubebea fimbo amekatazwa kusimama kwa makusudi nyuma ya mpira, katika mstari wa shabaha, unapoanza kujiweka tayari. Uwanjani umebaki wewe na macho yako.

Kwa hivyo, piga mipira 10 ukiwa na vijiti, kisha viondoe upige 10 bila vijiti. Halafu virudishe, ujikague. Ukiwa huna vijiti, iga mbinu ya Jack Nicklaus wa Marekani: tafuta jani au alama ya nyasi iliyo hatua chache mbele ya mpira, katika mstari wa shabaha, ulenge hapo. Ni rahisi kulenga kilicho karibu kuliko bendera iliyo mbali.

Jumapili hii, kabla ya kununua ndoo nyingine ya mipira, mpe mwanao mipini miwili ya fagio. Pengine mkono wake hauna kasoro yoyote.