Mgonjwa wako akiombwa kujiunga na utafiti wa dawa ya saratani

Daktari akikwambia kuna utafiti wa dawa ya saratani na mgonjwa wako anaweza kujiunga, huenda ukajiuliza moyoni: "Wanataka kumfanyia majaribio?" Ni haki yako kuuliza. Hebu tuelezane.

Dawa ya kemo hupimwa kwa hatua. Hatua ya kwanza huwa na wagonjwa wachache, mara nyingi wenye saratani iliyosambaa ambao dawa za kawaida hazijawasaidia. Lengo ni kujua kipimo ambacho mwili unaweza kukistahimili. Wapo wanaopata nafuu, lakini hatua hii haiahidi kupona. Hatua ya pili huangalia kama dawa inapunguza uvimbe. Hatua ya tatu huilinganisha na tiba iliyozoeleka, kwa wagonjwa wengi zaidi.

Mfano wa karibu ni Kaposi sakoma, saratani ya mabaka meusi au ya zambarau kwenye ngozi na mdomoni. Huwapata zaidi watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. Wagonjwa 334 ambao ugonjwa wao ulikuwa umefika mbali, kutoka Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, walishiriki katika utafiti wa hatua ya tatu. Wote walipewa ARV pamoja na kemo. Hakuna aliyepewa dawa bandia. Walitofautiana aina ya kemo tu, na waligawanywa kwa bahati nasibu ili pasiwe na upendeleo.

Kamati huru ya wataalamu ilipitia matokeo utafiti ukiendelea. Mwaka 2016 kundi la etoposaidi lilifungwa kwa sababu lilikuwa nyuma ya mengine. Hadi 2018 jibu lilikuwa wazi: kufikia wiki ya 48, wagonjwa 64 kati ya kila 100 waliopewa paklitakseli walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea. Kwa bleomisini na vinkristini walikuwa 44. Wagonjwa wale wasingekubali, tusingejua ipi inasaidia zaidi.

Kabla ya kutia sahihi, uliza:

- Utafiti huu uko hatua ya ngapi?
- Asipojiunga, atapata tiba gani?
- Madhara gani yameshaonekana?
- Nani atalipia dawa, vipimo na nauli?
- Akizidiwa usiku, tumpigie nani?

Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Msikubali kuharakishwa, ombeni muda mkazungumze nyumbani. Anaweza kukataa, au kujitoa siku yoyote, na bado ana haki ya kutibiwa kama kawaida. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetia sahihi, lakini mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe.

Mkirudi nyumbani, kumbuka kemo hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi. Nunua kipimajoto. Homa ikifika nyuzi 38, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Usimpe panadoli ukangoja kukuche. Kama anatumia dawa za miti shamba, mwambie nesi bila kuficha. Hatakugombeza. Anahitaji kujua ili dawa zisigongane.

Na usiende peke yako kliniki. Nenda na ndugu mmoja, na maswali yako mkiwa mmeyaandika.