Je, Wajua? Dhahabu ya Kilwa Haikutoka Geita

Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mji huo ulikuwa umekwishatajirika kwa dhahabu. Juu ya jabali linalotazama bahari lilisimama Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Lakini si chembe ya dhahabu ya Geita, Usukuma, iliyolijenga. Dhahabu ilitoka nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, Msumbiji ya leo, kisha ikapakiwa majahazini.

Sasa tuseme wafanyabiashara wa Kilwa wangejua kilicholala chini ya miamba ya Geita. Je, Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505 wangepanda bara na kuanzisha makazi Usukuma, kama Wahispania walivyofanya ng'ambo ya Atlantiki?

Sidhani. Kutoka mji wa kale wa Zimbabwe Kuu hadi Sofala ni takriban kilomita 400. Kutoka Geita hadi pwani ni zaidi ya 800, tena kwa mguu, mzigo kichwani. Malaria nayo haikuwa na huruma kwa wageni. Wareno wenyewe waliiacha ngome yao ya Kilwa mwaka 1512, na hapo ni ufukweni tu!

Wajerumani ndio walioiona dhahabu ya Geita mwaka 1898. Mgodi mkubwa ulifunguliwa 1936, ukafungwa 1966, na uchimbaji mkubwa ukarudi mwaka 2000.