Je, wajua? Sindano ya kupunguza uzito hushuka ngazi yenyewe

Utumbo wa binadamu hutengeneza homoni iitwayo GLP-1. Chakula kinapofika, homoni hiyo huihimiza kongosho itoe insulini, huchelewesha tumbo kumwaga kilichomo, na hupeleka habari za shibe kwenye ubongo. Haidumu. Ndani ya takriban dakika 2, nusu yake huwa imeshakatwa na kimeng'enya kilichomo kwenye damu, na ndiyo sababu kwa miaka mingi ilionekana haifai kuwa dawa. Ufumbuzi wa kwanza ulitoka kwa mjusi: mwaka 1992 daktari Mmarekani John Eng alieleza kwamba katika sumu ya mjusi wa Gila, mkazi wa majangwa ya Marekani na Mexico, kuna molekuli inayofanya kazi kama GLP-1 lakini haikatiki upesi. Dawa iliyotokana nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa wenye kisukari, nayo ilichomwa mara 2 kwa siku. Semaglutaidi, iliyomo ndani ya Ozempic na Wegovy, ilipita njia nyingine. Ni GLP-1 ya binadamu iliyorekebishwa kidogo ili kimeng'enya kishindwe kuikata, kisha ikafungwa mkia wa asidi ya mafuta unaoishikiza kwenye albumini, protini iliyojaa tele kwenye damu. Nusu yake huchukua kama wiki nzima kutoka mwilini. Tabia hiyo moja, ya kutoka taratibu, inatosha kutufanya tulitazame upya swali ambalo watumiaji wake huulizana kila siku: ukishafikia uzito uliokusudia, uache ghafla au ushuke polepole?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kushuka kwa ngazi zile zile za kupandia. Wegovy huanzwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki, halafu 0.5, kisha 1, kisha 1.7, hadi 2.4, na kila ngazi hukaliwa wiki 4. Kupanda hivyo kuna sababu inayoeleweka: tumbo lisipozoeshwa, kichefuchefu na kutapika humshinda mtu mapema. Kushuka kuna sababu gani? Kwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, jibu liko wazi. Aliyeitumia kwa muda mrefu tezi zake za adrenali zimelala, na akiacha kwa siku moja anaweza kubaki bila homoni yao ya kotisoli, jambo linaloweza kuua. Semaglutaidi haijalaza tezi yoyote kwa namna hiyo; GLP-1 ya mwili huendelea kutoka kila mlo. Zaidi ya hayo, dawa hii hujipunguza bila msaada wa mtu. Aliyekuwa kwenye miligramu 2.4 akiacha sindano, wiki inayofuata damu yake ina kiasi kama cha mtu wa 1.2, wiki ya pili 0.6, ya tatu 0.3. Ngazi zilizopandwa kwa miezi 4 zimeshukwa kwa wiki 3 hivi, na baada ya wiki 5 kilichobaki ni kama sehemu moja ya 32. Kwa hiyo hata anayeacha ghafla, kwa maana ya damu yake, hakuacha ghafla.

Pamoja na hayo uzito hurudi, na namna unavyorudi inasema mengi. Katika jaribio kubwa la STEP 1, watu waliochomwa semaglutaidi kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, dhidi ya asilimia 2.4 kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa. Sehemu yao, watu 327 wa makundi yote mawili, walifuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha. Waliokuwa kwenye dawa walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopoteza, na nafuu ya shinikizo la damu ikapotea nayo. Kama tatizo lingekuwa mshtuko wa kuondolewa dawa, tungetarajia uzito upande kwa wiki chache za mwanzo kisha utulie. Haikuwa hivyo: uliendelea kupanda kwa miezi mingi, dawa ikiwa imekwisha kabisa mwilini. Mtu anaweza kupinga kwamba watu hao waliachishwa pia ushauri wa lishe na mazoezi, na pingamizi hilo ni la haki. Lakini katika STEP 4, yenye watu 803, ushauri haukukatizwa. Wote walichomwa dawa kwa wiki 20 wakapungua asilimia 10.6, kisha baadhi wakabadilishiwa sindano tupu bila kujua. Waliobaki na dawa wakapungua asilimia 7.9 zaidi katika wiki 48 zilizofuata. Waliobadilishiwa wakaongezeka asilimia 6.9. Tirzepataidi, dawa ya jamii hiyo hiyo yenye nguvu zaidi, ilionyesha sura ile ile: baada ya wiki 36 watu walikuwa wamepungua asilimia 20.9, na waliokatishiwa wakaongezeka asilimia 14 kwa mwaka mmoja.

Kinachorudisha uzito kipo ndani ya mtu tangu kabla ya sindano. Mafuta ya mwilini yakipungua, homoni ya leptini hupungua nayo pia, ubongo husoma upungufu huo kama dalili ya ukame, njaa huongezwa na matumizi ya nishati hubanwa. Watafiti wa Melbourne walichapisha mwaka 2011 utafiti wa watu waliokula chakula kidogo sana kwa wiki 10. Mwaka mzima baadaye, homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarejea zilipokuwa, na wenyewe walikiri bado wana njaa kuliko mwanzo. Hao hawakuwa na dawa yoyote ya kuacha. Sindano huufunika wito huo, haiufuti. Ndiyo maana naona kumwita mtu aliyerudisha uzito kuwa amekosa nidhamu ni sawa na kumlaumu mgonjwa wa presha ambaye kipimo chake kimepanda baada ya kuacha vidonge.

Je, basi kushuka polepole ni kazi bure? La, na hapa ndipo natofautiana na wanaokutupa kabisa. Mwaka 2024, kwenye mkutano wa Ulaya wa mambo ya unene huko Venice, kliniki moja ya Denmark iliripoti wateja walioshushwa dozi taratibu huku wakisaidiwa kubadili ulaji na mwenendo. Wenye takwimu za wiki 26 baada ya kufika sifuri walikuwa 85 tu, na uzito wao ulikuwa umetulia. Habari njema, ila 85 ni wachache, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na aliyeanza kunenepa ana uwezekano mkubwa wa kurudia sindano au kutoweka kwenye hesabu. Hata walioachishwa tirzepataidi kwa mkupuo, asilimia 16.6 walihifadhi angalau asilimia 80 ya upungufu wao. Wapo wanaoweza, basi, na hatujui mapema ni nani. Faida ya kushuka polepole ni hiyo: kumtambua mtu. Miezi ya kushuka ngazi moja moja inampa daktari nafasi ya kuona ni kwenye dozi gani njaa inaamka, na kusimama hapo. Anayefika sifuri akiwa salama ameshinda. Anayekwama kwenye 0.5 au 1 naye amepata dozi yake ndogo kuliko zote, yenye gharama na madhara pungufu. Kosa ni kuweka tarehe ya kumaliza kabla ya kuona dalili.

Mazoezi yana nafasi yake hapa, kwa ushahidi. Jaribio la Copenhagen lililotumia liraglutaidi, ndugu mkubwa wa semaglutaidi, liligundua kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha, waliokuwa wamefanya mazoezi ya kusimamiwa pamoja na dawa walihifadhi upungufu wao vizuri kuliko waliotegemea dawa peke yake. Mwenye kisukari ni kesi tofauti. Kwake sindano inashikilia sukari pia, na kuipunguza bila daktari ni hatari isiyohusu kilo.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote: nani atalipia dawa ya maisha? Kwa mfuko wa kawaida wa Dar es Salaam au Nairobi, na hata kwa wengi huko Marekani, swali la kuacha huamuliwa na bei kabla ya biolojia. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza semaglutaidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili walio pia na unene na ugonjwa wa moyo au figo, si kwa kila anayetaka kupungua. Mwaka wa kuisha kwa hataza yake nchini India na China ni 2026, na India ndiko zinakotoka dawa nyingi za maduka yetu. Bei ikishuka, dozi ndogo ya kudumu itakuwa chaguo la kweli kwa mtu ambaye leo anaacha kwa sababu pesa zimekwisha, akidhani ni mwili ndio umemaliza kazi.