Waya wa Dhahabu na Sauti ya Redio

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima)

Sogeeni karibu na redio. Kila mmoja awe na kalamu na karatasi, maana mwisho wa somo tutaandika.

Leo tutazungumza juu ya chombo chenyewe kinacholeta sauti nyumbani. Tuseme mkulima mmoja wa Bariadi amekwisha uza pamba yake. Amenunua sabufa, akaiweka sebuleni, watoto wakafurahi. Siku ya pili anaambiwa na mtu: "Sabufa yako bado haijatoa sauti yake yote. Nunua waya huu mnene na plagi hii ya rangi ya dhahabu, utasikia tofauti." Tuseme bei ya vitu hivyo ni sawa na bei ya daftari za watoto wake kwa mwaka mzima. Je, anunue?

Kwanza tutazame safari ya umeme. Umeme wa nyumbani katika Tanzania ni wa volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Kabla ya kufika kwako umesafiri kilometa nyingi juu ya nguzo, katika nyaya za kawaida za alumini. Sasa fikirini maji ya lambo. Maji yakipita katika mfereji wa udongo mwendo wa saa nzima, kisha ukaweka bomba la dhahabu la hatua moja tu mwishoni, je, yatakuwa matamu zaidi? Hayatakuwa.

Tena, sabufa haitumii umeme ule kama ulivyo. Ndani yake mna transfoma au chombo kingine cha kupunguza volti. Mna na vifaa vya kuufanya umeme uende upande mmoja. Kisha mna kapasita, ambayo kazi yake ni kama ya mtungi: hujazwa, ikaweka akiba, ikatoa polepole. Sauti hupata nguvu kutoka katika mtungi huo. Basi waya wa ukutani, ukiwa mzima na umekaza vizuri, umekwisha maliza kazi yake. Waya wa bei kubwa hauna la kuongeza.

Na dhahabu je? Dhahabu ina sifa moja ya kweli: haishiki kutu. Plagi ndogo za sauti zenye kutu hukwaruza na kukatakata sauti. Lakini plagi ya kawaida iliyo safi na kavu hutoa sauti ile ile. Kwa hiyo zima chombo, chomoa waya wake ukutani, pangusa plagi hizo kwa kitambaa kikavu, uzirudishe zikaze.

Sasa sikilizeni sana, kwa sababu hapa si shauri la fedha tu. Wako watu wasemao kwamba fyuzi inabana umeme, na ukiiondoa sabufa itapiga kwa nguvu. Basi huifunga fyuzi kwa karatasi ya fedha ya sigara, au huweka kipande cha waya mahali pake. Hilo ni kosa kubwa. Fyuzi ni waya mwembamba uliomo katika kichupa kidogo. Kazi yake ni kukatika kwanza, ili nyumba isiungue.

Tufanye hesabu pamoja. Sabufa ya wati 115 katika umeme wa volti 230 inavuta ampea ngapi? Gawanya 115 kwa 230. Jibu ni nusu ampea. Fyuzi ya ampea 3 yaweza kupitisha mara sita ya hiyo. Imebana nini, basi? Haikubana kitu. Bali ukiiondoa, siku waya utakapogusana ndani hapatakuwa na mlinzi, na waya utapata moto mpaka uwake.

Huenda mtu akauliza, "Basi hakuna kinachosaidia?" Kipo, na sehemu kubwa ni bure.

Moja, mahali pa spika. Ukiiweka sabufa pembeni, penye kona ya kuta mbili, sauti nzito ya ngoma huongezeka. Ikizidi mpaka maneno hayasikiki, isogeze mbele kidogo.

Mbili, chumba. Sakafu ya simenti na kuta tupu hurudisha mwangwi. Tandika mkeka, tundika pazia zito, na maneno yatasikika vizuri zaidi.

Tatu, waya wa spika. Hapa unene una maana, lakini kwa umbali tu. Ukipeleka spika uani, mita 10, kwa waya mwembamba kama uzi, nguvu nyingi itapotelea njiani. Tumia waya wa kawaida wa shaba wenye milimita mraba 1.5. Huo unatosha.

Nne, mvumo. Ukisikia "mmm" isiyokoma, tenga waya wa sauti na nyaya za umeme na chaja ya simu.

Tano, radi. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa plagi mapema, kabla radi haijafika karibu. Hilo halibadili sauti, bali hulinda chombo na watu.

Lakini jirani yako atasema, "Mimi nimenunua waya ule, na tofauti nimeisikia kwa masikio yangu!" Msimwite mwongo. Mtu aliyetoa fedha nyingi hutega sikio kwa bidii kuliko jana, akasikia yale ambayo jana hakuyajali. Sikio husikia pamoja na moyo. Kwa hiyo tufanye jaribio.

Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima Tanzania nzima walikaa katika vikundi wakasikiliza redio na kujadiliana. Nanyi fanyeni hivyo. Funikeni sabufa na nyaya kwa khanga. Mtu mmoja akae nyuma, arushe shilingi kila mara: upande mmoja waya wa zamani, A, upande wa pili waya mpya, B. Azime chombo kila mara, hata kama waya haubadiliki. Wimbo uwe ule ule, na sauti isipandishwe wala kushushwa. Wengine waandike A au B, mara 10, bila kuambiana.

Mwenye kubahatisha atapata 5 hivi. Kupata 9 au 10 kwa kubahatisha hutokea yapata mara moja katika mia. Akipata 9, rudieni jaribio. Akipata 5, fedha zibaki mfukoni, zinunue daftari.

MASWALI
1. Kazi ya fyuzi ni nini?
2. Sabufa ya wati 46 inavuta ampea ngapi katika volti 230?
3. Kwa nini tulifunika nyaya kwa khanga?
4. Andika mambo mawili ya bure utakayofanya nyumbani kwako leo.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.