Siku ikikuchosha, shuka ukapunge upepo

Kuna siku, msomaji, ambayo haikuletei baya wala jema. Umeshinda dukani bila mteja, jua limetua, na mwili ni mzito kama uliobeba magunia. Umekwisha kula, saa tatu ya usiku imepita, na unaona heri ulale tu. Mara rafiki anakuita kutoka chini ya dirisha: "Hebu shuka, twende Mkunguni!"

Ukiweza, shuka.

Watu wa Lamu wanaijua dawa hii tangu zamani. Nyumba zao za mawe ya matumbawe zina kuta nene zinazonywa joto mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Basi watu hutoka. Uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, mabaraza na ukuta wa pwani hupata wakaaji wake, pamoja na kahawa chungu ya tangawizi, bao, mzaha na siasa. Hakuna aliyemwalika mwenzake kwa barua.

Usidhani ni upuuzi. Mwezi wa Juni 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoeleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinahusishwa na hali hiyo. Mpweke wa muda mrefu huishi kama mtu aliye hatarini: homoni za wasiwasi hazitulii, usingizi hukatika, moyo nao huumia. Aidha, kutembea kidogo baada ya chakula husaidia kupunguza sukari inayopanda katika damu.

Thamani ya usiku huo ilionekana ulipoondolewa. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, kafyu iliwafungia watu wa Lamu majumbani. Ikaja tena kwa Wakenya wote kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 27, 2020 hadi Oktoba 20, 2021. Mzee aliyezoea baraza kila usiku alibaki akitazama ukuta, na hakuna duka la dawa linalouza wenzake.

Hata hivyo, tumia akili. Kwa watu wengi, nusu ya kafeini ya kahawa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe kimoja cha saa nne usiku chatosha. Mwenye kisukari na aiache halwa ipite. Mkitaka kufika Shela kwa mashua, kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha, hata kama nahodha atawacheka. Na usigeuze jambo hili kuwa la kila siku, kwani mtu mzima ahitaji kulala saa saba au zaidi.

Nanyi akina mama, baraza la nje mara nyingi limeachiwa wanaume, jambo ambalo mwandishi haoni sababu ya kulisifu. Ukumbi wa jirani au dari yenye upepo hufaa vilevile, mradi kuna wa kucheka naye.

Lakini kuna uchovu usioondolewa na matembezi. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi hufurahii chochote, huli, hulali, au umeanza kuona heri ufe, nenda hospitali upesi ukamweleze daktari hayo kama yalivyo. Na kama ni rafiki yako ambaye haitiki tena akiitwa, usiishie chini ya dirisha. Panda ngazi, ubishe hodi, kisha mfuatane naye kwa daktari.